Wagonjwa Wasio na Tarehe

Minova inajulikana kwa tarehe zake. Mwishoni mwa Novemba 2012, baada ya Goma kuanguka mikononi mwa waasi wa M23, wanajeshi wa serikali walirudi nyuma hadi kwenye mji huu wa kando ya Ziwa Kivu, wakawageukia raia. Umoja wa Mataifa uliandika waathirika wasiopungua 135 wa ukatili wa kingono mjini na vijijini mwake. Mei 2023 milima ya Kalehe iliporomokea Bushushu na Nyamukubi, kusini zaidi katika teritori ilimo Minova pia, zaidi ya watu 400 wakafa. Februari 2024 vita vilifika karibu na Sake, barabara ya Goma ikakatika, Minova ikafurika wakimbizi wa ndani. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua MV Merdi, iliyotoka Minova wakati watu wengi walikuwa wamelazimika kusafiri kwa ziwa, ilizama mbele ya Kituku, Goma, watu wa nchi kavu wakiiangalia. Tarehe 21 Januari 2025 M23 waliuteka mji wenyewe.

Kila moja ya siku hizo iliwavuta waandishi wa habari, wa Bukavu na wa Paris pia. Mama wa Minova mwenye kisukari hana siku ya namna hiyo. Mguu wake unaanza na kidonda kidogo mwezi huu, unanuka miezi miwili baadaye, na akifa anafia nyumbani, bila risasi wala mafuriko, na pengine bila neno kisukari kutajwa msibani. Kwa kuwa amekonda kabla ya kufa, majirani watasema karuho, ile sumu inayoogopwa Kivu nzima, na mzozo wa nani alimtilia utachukua nafasi ya swali la kwa nini alikosa dawa.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini mashariki mwa Kongo, ambako uandishi wa uchunguzi umefichua ubakaji, dhahabu ya magendo na ufisadi wa misaada, karibu hakuna uchunguzi uliowafuata wagonjwa wa namna hii mpaka mwisho: wa kisukari, wa kifafa, wa shinikizo la damu, wa moyo, watoto wa selimundu wanaoitwa SS. Jibu jepesi ni vita. Silikubali, na sehemu kubwa ya makala haya inaeleza kwa nini. Waandishi wa Kivu hawakukosa huruma wala ujasiri; ujasiri wameulipia kwa damu. Tatizo ni kwamba zana zao za kazi zimetengenezwa kwa ajili ya tukio, na zana za hospitali pia.

Tuanze na ramani. Minova ni ya Kivu Kusini. Barua za zoni yake ya afya zinakwenda Bukavu, kwenye idara ya afya ya mkoa, zaidi ya kilomita 100 kwa barabara inayozunguka ziwa na kuharibika kila masika. Lakini maisha ya Minova yako Goma, kama kilomita 50 hivi. Huko ndiko zinakouzwa ndizi, maharagwe na mboga zake, na huko ndiko anakokimbizwa mgonjwa hospitali ya Minova inaposhindwa. Mji una baba mmoja kwenye karatasi na mwingine kwenye soko. Wakati wa amani jambo hilo ni usumbufu tu. Barabara ikikatika upande wa Sake, mkubwa wa kisheria yuko mbali na msaada wa karibu hana wajibu wa kisheria, na kila mmoja anaweza kusema kwa haki kabisa kwamba suala hilo ni la mwenzake.

Dawa nazo zina ramani yake. Kongo ina zoni za afya 519, na kila moja inatakiwa kununua dawa muhimu kwenye ghala la ununuzi wa pamoja la eneo lake. Upande wa Goma ni ASRAMES, upande wa Bukavu ni ghala la kanisa la 8e CEPAC. Utaratibu wenyewe si mbaya. Ulibuniwa ili vituo vya mbali visinunue vidonge vya bandia sokoni. Ila pesa ya kununulia zoni inaipata kwa wagonjwa wenyewe, isipokuwa kwa dawa zinazoletwa na miradi. Malaria ina mradi, UKIMWI una mradi, kifua kikuu kina mradi, chanjo ina mradi, na mwenye utapiamlo mkali huletewa maziwa na unga wake. Insulini haina mradi. Fenobabito ya kifafa haina. Vidonge vya shinikizo la damu, au tansio kama wanavyoiita huku, havina, ila pale shirika fulani linapopita na kuviweka kwa miezi michache kabla mkataba wake haujaisha.

Matokeo yake ni kwamba katika kituo kimoja, mbele ya muuguzi mmoja, wagonjwa wawili wanaohitaji dawa maisha yao yote wanaishi katika nchi mbili. Mwenye virusi vya UKIMWI anapewa bure dawa zilizohesabiwa, zenye ripoti ya kila mwezi inayosomwa mpaka Geneva. Mwenye kisukari anaandikiwa karatasi akanunue. Wa kwanza akikosa dawa, kuna mtu ofisini ataulizwa. Wa pili akikosa, hakuna sanduku la kujaza kwenye fomu yoyote.

Kuna jambo jingine dogo ambalo nadhani ndilo ufunguo. Katika zoni nyingi za Kongo, mgonjwa hulipa bei moja kwa kila kipindi cha ugonjwa: unaingia na malaria, unalipa kiasi kilichopangwa, unatibiwa mpaka unapona, kipindi kimefungwa. Ulikuwa uamuzi wa busara, kwa sababu uliwaondolea watu hofu ya bili isiyo na mwisho. Lakini kifafa hakifungwi. Kila mwezi ni kipindi kipya, malipo mapya, na mkulima wa kijijini anayelipa mara tatu bila kuona kupona ana haki ya kuamini kwamba amedanganywa. Anaacha. Hakuna anayemfuata, kwa sababu takwimu za kila mwezi zimejengwa kuhesabu waliokuja, na asiyerudi haonekani popote. Hospitali, kama gazeti, inajua kuhesabu mwanzo wa mambo.

Sasa neno zito: utelekezaji. Mwandishi mchunguzi hawezi kulitumia kwa sababu tu mtu amekufa maskini. Umaskini si kosa la ofisa yeyote kwa jina, na vita vya kweli vinafunga barabara kweli. Ili mtu awe ametelekezwa, lazima yawepo mambo matatu kwa pamoja: tiba iwe inajulikana, iwe inawezekana kwa uwezo uliopo mahali pale, na awepo aliyekuwa na wajibu wa kuitoa.

La kwanza halina ubishi. Insulini ilipewa mgonjwa wa kwanza Toronto Januari 1922. Ilikuwamo kwenye orodha ya kwanza ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, WHO, mwaka 1977. Fenobabito ina zaidi ya miaka 100 na ni miongoni mwa dawa za bei ndogo kabisa duniani; WHO inasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa sawasawa. Mtoto ambaye koo lake lilipuuzwa mpaka moyo ukaharibika anahitaji sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne. Hakuna hata moja kati ya hizo inayosubiri ugunduzi.

La pili ndilo linalostahili kuchimbwa, kwa sababu hapo ndipo visingizio vinapoishi. Ukiuliza kwa nini insulini haifiki vijijini utaambiwa friji. Chupa isiyofunguliwa inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na Minova haina umeme wa kuaminika. Sababu hiyo ilikuwa na nguvu zamani. Lakini mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva, walichapisha utafiti uliotokana na joto walilopima Dagahaley, moja ya kambi za Dadaab, Kenya: insulini iliyokaa wiki 4 katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 ilibaki na nguvu yake. Familia inaweza kuitunza nyumbani bila friji kwa mwezi mzima. Minova, kwenye mwinuko unaokaribia mita 1,500, haifikii joto la Dagahaley. Halafu kuna ukweli ambao mwandishi yeyote anaweza kuuona kwa macho: chanjo za watoto zinahitaji ubaridi uleule, na kwa miaka mingi zimefika Kalehe zikiwa baridi, kwa pikipiki na mitumbwi. Friji ipo pale anapokuwepo mtu wa kuilipia.

Kwa upande wa dharura, masanduku ya dawa yanayopelekwa penye vita yalipangwa kwa ajili ya kuhara, malaria, majeraha na uzazi. WHO yenyewe ilikiri pengo hilo ilipotengeneza, katikati ya miaka ya 2010, sanduku la pekee la magonjwa yasiyoambukiza, lenye hesabu ya watu 10,000 kwa miezi mitatu. Kwa hiyo mtu akiandika kwamba msaada ulifika Minova mwaka 2024, swali linalofuata ni sanduku lipi. Wahamishwa waliojaa shuleni na makanisani walikuwa na kipindupindu, na kukipa kipaumbele kulikuwa sahihi. Lakini miongoni mwa watu wengi kiasi hicho wamo wazee wa tansio na watoto wa kifafa, na kwa mwenye kifafa aliyezoea dawa, kuikosa ghafla ni hatari kuliko mtu anavyodhani: degedege linaweza kumshika lisimwachie.

La tatu, wajibu, limeandikwa. Katiba ya 2006, kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya. Sheria namba 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018 inapanga misingi ya afya ya umma. Agosti 2022, mawaziri wa afya wa Afrika walipokutana Lomé, walipitisha mpango unaoitwa PEN-Plus, wa kuzipa hospitali za wilaya uwezo wa kutibu kisukari cha watoto, selimundu na moyo. Kongo ni miongoni mwa nchi tatu zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu, pamoja na Nigeria na India. Ahadi hazikosekani, na hiyo ni bahati kwa mchunguzi, maana ahadi iliyosainiwa inaweza kupimwa.

Je, uandishi wa Kivu una mfano wa kujifunzia? Unao, na uko nyumbani. Kabla ya miaka ya 2000 neno kubakwa halikuwa neno la redioni Bukavu. Chouchou Namegabe, aliyeanza kazi Radio Maendeleo mwaka 1997, alianzisha na wenzake mwaka 2003 chama cha wanawake wa vyombo vya habari vya Kivu Kusini, AFEM, wakaanza kurusha sauti za waathirika wenyewe. Mwaka 2009 alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani. Kilichobadilika kilikuwa kipimo cha habari: jambo lililohesabiwa kuwa aibu ya familia likawa kosa lenye mkosaji. Ugonjwa wa kudumu leo uko pale ubakaji ulipokuwa, yaani ndani ya nyumba.

Ila mfano huo una kikomo, na Minova yenyewe ndiyo inayokionyesha. Kesi ya ubakaji wa 2012 ilipata kila ilichohitaji kutoka kwa dunia: wachunguzi wa Umoja wa Mataifa, magazeti ya Ulaya, mahakama ya kijeshi iliyokuja kusikiliza Minova mwaka 2014. Hukumu ilitolewa tarehe 5 Mei 2014. Kati ya washtakiwa 39, wawili tu walitiwa hatiani kwa ubakaji. Vilio vilikuwa vingi, ila ushahidi wa nani aliamuru nini ulikuwa mwembamba. Kwa wagonjwa hatari hiyo ni kubwa zaidi. Simulizi la mguu uliokatwa linaumiza, linasambaa siku mbili, na halimlazimishi mtu yeyote kujibu.

Mfano ulio karibu zaidi na tunachohitaji ulitoka Beni, Kivu Kaskazini. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, wafanyakazi wa misaada waliwataka wanawake ngono ili wapate kazi. Septemba 2020, The New Humanitarian na Thomson Reuters Foundation walichapisha ushuhuda wa wanawake 51, baada ya kazi ya karibu mwaka mzima. Tume huru iliyoundwa kwa sababu hiyo ilitoa ripoti tarehe 28 Septemba 2021: watuhumiwa 83, kati yao 21 wakiwa wameajiriwa na WHO. Uzito wa kazi ile haukuwa katika mwanamke mmoja aliyelia sana. Ulikuwa katika kurudia swali lilelile kwa watu wengi mpaka majibu yakaonyesha desturi. Shirika la habari la AP lilifanya vivyo hivyo mwaka 2018 kuhusu hospitali zinazowazuia wagonjwa kwa sababu ya deni. Katika hospitali na kliniki zaidi ya 20 walizozitembelea Kongo, zote isipokuwa moja zilikuwa na utaratibu huo. Kila Mkongomani alilijua jambo lile. Hakuna aliyekuwa amelihesabu.

Na ofisini Kinshasa nako karatasi zimewahi kuvuja. Mwaka 2020 barua ya naibu waziri wa afya, Albert M'Peti Biyombo, ilisema mitandao ndani ya wizara yake ilikuwa ikidai hadi asilimia 35 ya fedha za mapambano dhidi ya Covid-19. Mwaka huohuo waziri wa zamani, Oly Ilunga, alihukumiwa miaka mitano kwa kufuja fedha za Ebola. Tazama ni magonjwa gani: Ebola, Covid. Pesa ya dharura huacha harufu, na waandishi huifuata. Kwenye kifafa hakuna cha kuibiwa, kwa hiyo hakuna kashfa ya wizi. Huko Eldoret, Kenya, wagonjwa wa figo walifikiwa na wachunguzi wa vyombo vya Ujerumani Aprili 2025 kwa sababu figo zilikuwa zikinunuliwa na kuuzwa. Wanaokufa kwa kukosa usafishaji wa damu hawauziani kitu.

Lakini yapo matukio mawili barani ambapo utelekezaji wenyewe, bila wizi, uligeuka habari. Uganda ilikuwa na mashine moja ya mionzi ya saratani, katika hospitali ya Mulago, tangu 1995. Mwaka 2016 iliharibika kabisa. Gazeti lolote liliweza kuandika sentensi moja ambayo kila msomaji aliielewa: nchi nzima haina mashine. Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ikajitolea kutibu wagonjwa 400. Serikali ikafungua mashine mpya Januari 2018. Hata hivyo, kifaa kimoja kikubwa kinachokufa siku moja ni tukio pia. Waganda walikuwa wamekaa miaka wakijua kimezeeka.

Afrika Kusini inafundisha zaidi. Kati ya 2015 na 2016 idara ya afya ya mkoa wa Gauteng ilivunja mkataba na vituo vya Life Esidimeni ili kubana matumizi, ikawahamisha wagonjwa wa akili zaidi ya 1,300, wengi wao wakiishia katika nyumba za mashirika yasiyo na leseni halali. Septemba 2016, akijibu swali katika bunge la mkoa, waziri wa afya wa mkoa huo, Qedani Mahlangu, alisema 36 wamekufa. Mdhibiti wa huduma za afya, Malegapuru Makgoba, alipochunguza aliwapata zaidi ya 90. Usuluhishi wa jaji Dikgang Moseneke uliishia kwenye 144. Julai 2024 mahakama iliona kwamba uzembe wa Mahlangu na wa mkurugenzi wa afya ya akili ulisababisha vifo tisa. Wagonjwa walikufa kwa kiu, njaa, baridi na kukosa dawa zao za kila siku, vifo vya kimyakimya kama vya Minova. Tofauti ni kwamba palikuwa na saini. Mtu aliandika barua ya kuvunja mkataba, na barua ina tarehe.

Minova hakuna barua ya namna hiyo. Hakuna aliyeamua kwamba wenye kifafa waachwe. Hawakuwekwa tu kwenye bajeti, mwaka hadi mwaka, na watu wengi ambao kila mmoja alikuwa na sababu nzuri. Mfadhili ana magonjwa yake matatu. Zoni inanunua dawa zinazouzika upesi, kwa sababu mtaji wake ni mdogo na insulini inayoisha muda ni hasara. Muuguzi asiye kwenye orodha ya mishahara hawezi kuwafuata wagonjwa milimani kwa miguu. Uchunguzi wa kweli wa Minova, kwa hiyo, ni wa kutengeneza tarehe mahali ambapo mfumo haukuacha.

Hilo linawezekana, na nyaraka zenyewe ni za kawaida. Kila kituo kina kadi ya akiba ya kila dawa, inayoonyesha iliingia lini, ikatoka lini, ikaisha lini. Mchukulie mwandishi wa Bukavu aliyepata kuziona kadi za fenobabito za vituo vitano kati ya Januari 2023 na Januari 2024, kabla barabara ya Sake haijakatika. Zikionyesha dawa ilikuwepo, basi vita vina kesi ya kujibu. Zikionyesha miezi ya sifuri tayari wakati magari yalikuwa yakipita kila siku, kisingizio cha vita kimeanguka, na ghala linaweza kuulizwa kama liliwahi kuagizwa. Mafaili ya wagonjwa yako mikononi mwa familia, katika vijidaftari vya shule ambavyo muuguzi huandikia. Karatasi za dawa zisizonunuliwa hutunzwa humo kwa uangalifu wa kushangaza. Wahudumu wa afya wa jamii wanajua ni nyumba zipi ziliacha kuja. Bei ya vidonge vya tansio katika maduka ya dawa inaweza kuandikwa kila wiki na mwanafunzi yeyote.

Kinachokosekana ni anayelipia muda huo. Wasomaji wa Dar na Nairobi wanaijua bahasha; Wakongo wanaiita kupaji, posho anayopewa mwandishi na mwenye shughuli. Tusiihukumu kwa haraka, maana katika redio nyingi za Kivu ndiyo mshahara. Lakini inapanga habari. Mashirika yanaandaa semina za magonjwa yenye bajeti, redio zinarusha semina, na kisukari kinapata zamu yake Novemba 14, siku ya kisukari duniani, kwa mahojiano ya dakika chache na daktari anayewashauri watu wapunguze chumvi na sukari. Ushauri huo si mbaya. Ila unamfanya mgonjwa kuwa mtuhumiwa wa pekee wa ugonjwa wake.

Halafu kuna hofu. Serge Maheshe wa Radio Okapi aliuawa Bukavu Juni 2007, na mwenzake Didace Namujimbo Novemba 2008, mji uleule. Tangu Februari 2025 Bukavu iko chini ya M23, kama Goma na Minova, na mwandishi anabanwa kutoka pande mbili: wenye bunduki mjini, na mamlaka ya Kinshasa inayotishia vyombo vinavyowapa sauti waasi. Habari ya kadi ya dawa inaonekana haina siasa mpaka itakapotaja nani anatawala kituo.

Hatari ninayoihofia zaidi haihusu waandishi. Kituo cha afya kijijini kina wauguzi wawili, pengine mmoja. Picha ya kadi ikitokea redioni au kwenye simu za watu, aliyeitoa anajulikana kabla ya jua kutua. Mgonjwa wa UKIMWI au wa kifafa akielezwa kwa umri, kijiji na idadi ya watoto, ametajwa jina; binti wa kifafa huweza kukosa ndoa kwa sentensi moja. Na uchunguzi uliofanywa ovyo utamwangukia mtu wa chini kabisa, yule muuguzi, kwa sababu ndiye pekee mwenye uso. Binafsi ningependelea ripoti isiyo na picha hata moja ya mgonjwa, yenye jedwali la miezi ya sifuri na majina ya ofisi tu. Wahariri wataniambia haisomeki. Ya Beni ilisomeka, na wanawake wake wengi hawakutajwa majina.

Januari 2025, wiki ileile M23 walipokuwa wakiteka Minova, serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Kivu Kusini ilikuwa miongoni mwa mikoa tisa ya mradi mkubwa wa afya wa USAID, na habari zilijaa, kwa haki, hofu ya dawa za UKIMWI na za waliobakwa. Benki nazo zikafungwa Goma kisha Bukavu, uwanja wa ndege wa Goma ukasimama. Ripoti zilizofuata zinasema vituo vingi havina dawa za kutosha. Soma ripoti hizo kwa jicho la mwenye kifafa: neno lililotumika ni dawa, kwa jumla. Nani aliondolewa kitu alichokuwa nacho, na nani hakuwahi kukipata, vimechanganywa katika hesabu moja, na serikali itakayorudi, iwe ipi, itaweza kudai kwamba kazi yake ni kurudisha mambo yalivyokuwa 2024.

Ndiyo maana mwandishi atakayelianza jambo hili anahitaji orodha mbili za maswali, zisizochanganywa. Ya kwanza inakwenda Kinshasa na kwa waliokuwa wakiongoza idara ya afya ya mkoa, na inaishia Januari 2025: mliagiza insulini kiasi gani kwa zoni ya Minova, lini, kwa fedha ya nani, na PEN-Plus mliyoiafiki Lomé ilifika hospitali ipi? Ya pili inakwenda kwa wanaotoza kodi sokoni na bandarini Minova leo, na inaanza siku walipoingia: mnakusanya; kwa wagonjwa hawa mnanunua nini? Zote mbili zipelekwe kwa maandishi, na siku ya kupelekwa iandikwe juu ya barua.